Nauli ya Mgeni Wetu na Sanduku Letu

Nakala ya mawaidha yaliyotolewa kwa niaba ya kamati ya jumuiya, London, Jumamosi, mwezi 15 Ramadhani 1446 (15 Machi 2025), baina ya Alasiri na futari.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu katika imani, wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, nanyi vijana mpendao kukaa karibu na mlango.

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunaanza kwa kuomba radhi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema kwamba mawaidha ya leo yatahusu zaka na sadaka. Hivyo ndivyo yatakavyokuwa, ila tutaingia kwa mlango wa uani, kwa kuwa tutaanza na habari ya basi.

Tunajuana. Kila usiku baada ya tarawehe, chai ikishamiminwa na sahani ya kaimati ikishazunguka mara moja, huanza manung'uniko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya nauli. Mzee mmoja atasema: "Nchi gani hii? Mtu ana fedha halali mkononi, yenye sura ya Mfalme, na dereva haitaki!" Ya pili ni ya sadaka. Mwingine atasema: "Kila nikifungua televisheni ni kisima, kila nikifungua simu ni yatima, na sasa hata hapa mlangoni pana mashine ya kugusa kadi. Fedha zote hizi zinakwenda wapi?" Tunatikisa vichwa, tunaongeza sukari, tunaondoka, na kesho yake tunarudia yale yale. Mchana tunafunga, na usiku ulimi nao unafuturu.

Sisi wa kamati tumeyasikiliza manung'uniko haya mwaka baada ya mwaka, na tumeyatia chumvi yetu pia, tukidhani ni mambo mawili. Mwaka huu limetokea jambo lililotuonyesha kwamba yana shina moja, na shina lenyewe limeota uani kwetu.

Kwanza tulitendee haki basi. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu tarehe 6 Julai 2014. Siku hizo mwenye kulipa kwa sarafu alitozwa pauni 2.40, na mwenye kadi ya Oyster pauni 1.45, kwa hiyo mlango ulikuwa umekwisha kurudishwa nusu kabla ya kufungwa kabisa. Wakuu wa usafiri walieleza kwamba ni takriban abiria mmoja tu katika kila mia aliyekuwa bado analipa taslimu, ilhali mwaka 2000 walikuwa robo nzima, na kwamba kuacha kupokea sarafu kungeokoa pauni milioni 24 kwa mwaka. Hesabu hizo hazina makosa. Sisi wenyewe, wengi wetu, tulikuwa tumekwisha kuwa na kadi, na tulifurahi kuona foleni ya mlangoni imefupika, hakuna tena mtu wa kupekua mkoba akitafuta peni kumi wakati sisi tunalowa. Kuhusu yule mmoja katika mia, ni nani na atasafirije, hatukuuliza. Hakuwa sisi.

Kwa sadfa, wiki ile ile Serikali ya Kenya nayo ilikuwa imepanga kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2014 nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Muda ulisogezwa mbele, kadi zikagawiwa, na mwisho wake mambo yakarudi yalivyokuwa. Waliokuwako watakumbuka sababu nyingi, na nyingine si za kujivunia. Lakini mliopanda matatu au daladala mnajua jinsi nauli inavyosafiri mle ndani: mtu wa kiti cha nyuma anatoa noti, inapita mikononi mwa watu watano au sita wasiojuana hadi kwa konda, na chenji inarudi kwa njia ile ile, mkono kwa mkono, hadi kwa mwenyewe. Mara chache sana inapungua. Inapopungua, basi zima linajua, na basi zima linauliza. Tunaomba mlishike hilo, tutalirudia.

Sasa lililotokea.

Katika juma la kwanza la mwezi huu, watu wanne wa kamati tulikuwa ndani ya basi tukija hapa kufuturu. Ilikuwa ile mvua nyembamba ya huku, isiyonyesha na isiyoacha. Katika kituo fulani akapanda mama mtu mzima, amevaa buibui na juu yake koti kubwa lisilo lake. Tulimtambua. Ni mgeni wetu kutoka Tanga, aliyekuja kumhudumia binti yake aliyejifungua. Mkazi wa mji huu akifikisha umri hupewa kadi ya kupanda bure. Mgeni hana haki hiyo, hata awe na miaka mingapi. Binti yake alikuwa amelala na mtoto, naye bibi hakutaka kumwamsha, akatoka peke yake kuja kusali na wenzake. Sarafu alizokuwa nazo zilikuwa chenji ya mkate. Alikuwa amezihesabu sawasawa, pauni moja na peni sabini na tano, kwa kuwa aliwahi kumsikia binti yake akiitaja nauli hiyo.

Dereva hakumtolea ukali, na tuseme kweli yake. Alimwonyesha kwa kidole mashine ya manjano. Alipoona bibi haelewi, akampungia mkono apite, akae, yaishe. Bibi hakupita. Alisimama pale pale, mkono ameunyosha, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti tuliyoisikia sote: "Mwanangu, mimi siombi. Nauli yangu hii hapa."

Sisi tulikuwa safu nne nyuma yake. Kila mmoja wetu alijiambia kwamba kadi yake imekwisha kutumika, na ni kweli kwamba kadi moja hailipii watu wawili katika safari moja. Lakini nani kati yetu alikuwa na kadi moja? Tulipohesabu baadaye, kwa aibu, watu wanne tulikuwa na kadi tisa na simu nne, na kila simu ingeweza kulipa. Mmoja wetu alitazama dirishani. Mmoja alifungua simu kuangalia saa ya Magharibi, ambayo alikuwa ameiangalia dakika tano nyuma. Wawili walikuwa katikati ya mazungumzo na hawakuyakata. Na mazungumzo yenyewe, mtusamehe, yalikuwa juu ya fedha za sadaka, zinakwenda wapi.

Aliyeinuka ni kijana mmoja mwenye vipokea sauti masikioni, asiye wa lugha yetu, na kwa tunavyodhani, asiye wa dini yetu. Alikuja mbele, akagusisha simu yake, mashine ikalia, akamwonyesha bibi kiti. Bibi akamnyoshea zile sarafu. Kijana akatabasamu, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Bibi akaketi, sarafu zake ngumini, zimekataliwa mara mbili katika dakika moja.

Tulipoteremka tukamwendea. "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, bila hasira yoyote: "Kumbe mlikuwemo?"

Hatukuwa na la kumjibu, na hadi leo hatuna.

Mnayajua mafungu manane ya wanaostahiki zaka, yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Kila Ramadhani tunayasoma hapa. Fukara na maskini tunakaa nao muda mrefu, mwenye deni tunamtaja kwa huruma kwa kuwa wengi wetu tunajiona ndani yake, na tukifika fungu la nane, la msafiri, tunalipita mbio, kana kwamba ni fungu la enzi za ngamia na jangwa. Wanazuoni wamelieleza kwa namna inayostahili kusikilizwa upya katika mji huu. Msafiri huyo, wanasema, anaweza kuwa tajiri kwao. Anaweza kuwa na nyumba na mifugo na mashamba. Kinachompa haki ni kwamba mali yake haimfikii hapo alipo. Amekatikiwa na njia, na alicho nacho hakimfikishi.

Hatutoi fatwa. Safari ya vituo sita si safari ya kisheria, na wala hatusemi kwamba bibi yetu alistahiki zaka. Yeye mwenyewe angetukasirikia. Tunachosema ni kwamba tuliona kwa macho yetu mtu aliyekuwa na mali mkononi na mali hiyo isimfikishe, na kwamba ndani ya Uislamu mtu huyo ana jina na fungu lake tangu zaidi ya miaka elfu moja na mia nne. Sisi tuliokuwa tukilitaja fungu hilo kila mwaka hatukumtambua alipopanda basi. Tulimtambua kwa kabila, kwa mji, kwa buibui lake. Kwa fungu lake hatukumtambua.

Turudi sasa kwa wale wawili waliokuwa wakizungumza, maana mazungumzo yao yalikuwa na haki yake pia. Kuuliza sadaka inakwenda wapi si dhambi, na kwa baadhi ya mambo ni sehemu ya ibada yenyewe. Chukueni zaka ya fitri. Kwetu pwani, tulio wengi katika madhehebu ya Imamu Shafii, zaka ya fitri ni chakula: pishi moja ya chakula cha nchi, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa cha nyumbani, na inatakiwa imfikie mwenyewe kabla ya sala ya Idi. Wengi wetu tulitumwa utotoni, usiku wa kuamkia Idi, na bakuli la mchele lililofunikwa kawa, tukapiga hodi nyumba ya tatu au ya nne, tukaambiwa, "Mwambie mama Mungu amlipe," tukarudi mbio kwa sababu ya giza. Hakuna aliyeuliza mchele umekwenda wapi. Miguu yetu ndiyo iliyokuwa risiti.

Leo tunagusa mashine usiku wa mwezi ishirini na tisa, taa ya kijani inawaka, na tunajihesabu tumetimiza. Mchele utanunuliwa wapi, lini, na nani, na utamfikia nani kabla jua la Idi halijapanda? Mwenye kuuliza hayo hamsumbui mtu. Anaulizia ibada yake. Ndugu zetu wa Kenya wamezoea tangu mwaka 2007 kwamba ukimtumia mtu shilingi mia kwa M-Pesa, ujumbe unakurudia na jina la aliyepokea. Mashine iliyopo hapa mlangoni hairudishi jina la mtu. Inakushukuru tu, kwa Kiingereza. Basi ulizeni, na ulizeni leo, mwezi kumi na tano, wakati bado kuna siku za kupeleka mchele. Swali la usiku wa Idi halimpikii mtu wali.

Lakini kuna kuuliza na kuna kunung'unika, na sisi ni hodari wa hili la pili. Tunasikia kila mara: "Wanajilipa mishahara kwa zaka zetu." Rudini kwenye aya ile ile. Fungu la tatu ni la nani? Ni la wale wanaozitumikia, wanaozikusanya na kuzifikisha. Mwenye kupeleka unga penye mafuriko anahitaji lori, na lori halitembei kwa dua pekee. Kwa hiyo swali la kumwuliza ni analipwa kiasi gani, na nani aliyeidhinisha. Vivyo hivyo, shirika likitangaza kwamba kila peni inamfikia maskini, nalo liulizwe kwa upole: basi lori limelipiwa na nani? Huenda likawa na jibu zuri kabisa, kwamba gharama zinatoka katika mfuko mwingine. Jibu zuri haliogopi swali.

Na majibu mengine hayahitaji hata kuulizwa mtu. Uingereza na Wales zina Tume ya Mashirika ya Hisani, iliyoanzishwa mwaka 1853, na rejista yake iko wazi kwenye intaneti, bila malipo. Andika jina la shirika au namba yake, utaona majina ya wadhamini, mapato na matumizi ya mwaka, na kama hesabu zimewasilishwa kwa wakati au zimechelewa. Jumamosi iliyopita tuliuliza hapa hapa ni wangapi wamewahi kuifungua rejista hiyo. Mikono mitatu iliinuka, na mmoja wao alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda kutawadha.

Kuna pia ile fomu ya Gift Aid. Mtu anayelipa kodi ya mapato akiijaza, Serikali huongeza peni 25 juu ya kila pauni anayoipa taasisi ya hisani. Haimgharimu kitu zaidi ya saini. Katika sanduku la bahasha zilizo pale mlangoni, nyingi zinarudi kwetu zina fedha ndani na fomu tupu nje. Tunalia juu ya pauni tusiyojua iliko, na robo ya pauni tunayojua iliko tunaiacha huko huko.

Kuhusu kupeleka zaka ya mali nyumbani badala ya kuitoa hapa tulipo, wanazuoni wana maneno marefu, na Sheikh atalizungumzia juma lijalo inshallah. Sisi tutasema tu kwamba mtaa huu una watu wanaopanga foleni kwa chakula cha msaada, na baadhi yao tunawaona hapa kwenye futari wakichukua sahani ya pili na kuifunika. Tuwaache waifunike.

Tumefika kwenye sehemu iliyotufanya tusimame leo.

Mnaijua habari ya mtu aliyetumwa na Bwana Mtume (S.A.W.) kwenda kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi aligawa alichokileta sehemu mbili: hii ni yenu, na hii mimi nimepewa zawadi. Mtume hakumwacha hivyo hivyo kwa kuwa ni sahaba. Alimhesabu, na akapanda mimbari akalisema jambo hilo mbele ya watu. Tunawahadithia hiyo mara kwa mara, na kila tunapoihadithia tunawafikiria wengine: mashirika makubwa, wanasiasa wa nyumbani, watu wenye magari.

Mwezi Mei mwaka jana, baada ya mafuriko ya Rufiji na Kibiti, tulichangishana hapa. Mlitoa. Tunawakumbuka waliotoa noti ya mwisho. Mchango ule ulipita mikononi mwetu taslimu, haukuingia benki. Baada ya wiki chache binti yetu mmoja, anayesomea uhasibu, alituandikia kwa adabu kabisa akiomba kujua kiasi kilichopatikana na kilichopelekwa. Tulimjibu nini? Tulimjibu kwamba kazi hii inafanywa na wazee wa umri wa baba zake, na kama anatutilia shaka aseme wazi. Aliomba radhi. Aliyekosewa ndiye aliyeomba radhi. Tangu hapo hatujamwona kwenye tarawehe, na hadi juma lile la basi hatukuwa hata tumeona kwamba hayupo.

Usiku ule, baada ya neno la bibi, tulifungua kabati tukatoa daftari. Tulilolikuta ni hili. Zilichangwa pauni 1,340. Zilizopelekwa ni pauni 1,150, na jina la aliyepokea lipo. Ada za kutuma zilichukua pauni 38. Pauni 152 zilizobaki zilikuwa ndani ya bahasha, chini ya mafungu ya kalenda za mwaka juzi, zimesahaulika. Hakuna aliyeiba. Lakini hebu fikirini: zingekuwa zimeibiwa, mngeonaje tofauti? Daftari lingekuwa lile lile, kabati lile lile, na jibu tulilompa binti yetu lingekuwa lile lile, neno kwa neno. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na mali ikapotea ndani ya kabati hilo hilo.

Hapo ndipo tulipokumbuka noti ya kwenye matatu. Inapita mikononi mwa watu sita na haipungui, kwa sababu kila mkono unauona mkono wa pili. Tuliomlilia sarafu ya basi tulikuwa tumejenga, katika jumuiya yetu wenyewe, basi ambalo nauli inatolewa nyuma na hakuna anayeruhusiwa kugeuka kuona imefika kwa konda. Na yule mzee anayesema fedha taslimu ni fedha ya uaminifu, tunampenda, ila tumwambie kwamba mashine ya manjano ingalau inaandika. Bahasha yetu haikuandika kitu.

Pauni 152 zilipelekwa Alhamisi iliyopita. Ujumbe wa kupokelewa, wenye jina la aliyepokea, umebandikwa juu ya rafu ya viatu, mahali ambapo hakuna asiyepita. Binti yetu tumemwandikia barua, na wazazi wake tumewatembelea. Tumemwomba radhi, na tumemwomba, akipenda, akague daftari letu lote la miaka mitatu. Hajajibu. Hatumlaumu, na tunaomba mtu yeyote asiende kumsukuma kwa niaba yetu. Kuanzia leo daftari litakuwa juu ya meza ile pale, kila Jumamosi, kuanzia Alasiri hadi futari, nalo liko wazi kwa mkubwa na mdogo. Anayetaka kuuliza aulize, na atakayejibiwa kwa ukali atuambie ni nani kati yetu aliyemjibu.

Limebaki la bibi.

Siku ya pili yake alikuja hapa ukumbini, safari hii akisindikizwa na mkwewe. Aliziweka zile sarafu juu ya meza ya mweka hazina, akasema: "Hizi si zangu tena. Yule kijana amenilipia, na kurudisha amenikatalia. Zitieni kwa mtu aliyekwama njiani." Mweka hazina wetu, kwa nia njema, akazichukua azitumbukize katika sanduku la sadaka. Bibi akaweka kiganja juu ya tundu la sanduku. "Siyo humo, mwanangu," akasema. "Humo sijui zinakwenda wapi."

Tukaziweka katika bahasha peke yake, na ndizo mstari wa kwanza wa daftari jipya: tarehe, pauni 1.75, nauli ya aliyekwama. Sisi wanne wa siku ile tumenunua, kwa fedha zetu, kadi tatu za Oyster, kila moja kwa pauni 7, na ndani ya kila moja tumetia pauni 10. Ziko kwa mama zetu wanaomimina chai. Mwenye mgeni nyumbani, au mgeni mwenyewe, aazime bila kujieleza, arudishe atakapoweza. Kinachoandikwa ni tarehe tu, jina haliandikwi. Kadi mbili zimekwisha kutoka na kurudi mara kadhaa, alhamdulillahi.

Sarafu za bibi bado zimo katika bahasha yake. Hatukutaka kuzichanganya, kwa kuwa alizitaja kwa kazi maalumu, na basi, kama mnavyojua, halizitaki. Anarejea Tanga baada ya Idi. Leo hayupo, yuko na mjukuu wake. Ila ametuma salamu, na ameuliza kwa mara ya tatu sasa, kabla hajaondoka, tumwambie nauli yake imempakia nani. Mwenye rai amwone mweka hazina baada ya Magharibi.

Muadhini anatuashiria, na tende zimekwisha kugawiwa. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.